Tanki la Kahawa na Mkeka wa Msiba

Wewe unayesoma hii, kama umekaa kwenye kiti, hebu shuka ukae sakafuni. Kaa kabisa, makalio chini, miguu umeinyoosha mbele. Sasa inuka bila kushika kitu wala mtu. Mimi nakungoja.

Umeweza, najua. Una miaka ishirini na kitu, umetoka chuoni juzi, na magoti yako hayajawahi kukusema vibaya. Nenda sasa kamwombe bibi yako afanye hivyo hivyo, halafu urudi tuongee.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka thelathini na mbili, kwanza Iringa, baadaye Mbeya. Sasa nimestaafu, nakaa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nasikiliza malori yakivuta pumzi kabla ya kupanda mlima kwenda mjini. Vijana wa fani wananipigia simu, na swali lao ni lile lile: mama, mazoezi ya wazee yapi bora, ya majini au ya nchi kavu? Mnataka nichague timu, kama mpira! Nitawajibu. Lakini jibu langu linapitia Iyunga, kule Mbeya, kwa mama mmoja aliyeitwa Sekela, na kilichompata nakibeba mimi. Msinibembeleze kwamba sivyo, wameshajaribu wengine wenye midomo mitamu kuliko yenu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Festo, Mbena mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kila asubuhi aliingia wodini na mkeka wa milulu ameukunja kwapani, watu wakadhani anauza. Mwaka wangu wa kwanza nilimhudumia mzee mmoja wa Kihehe aliyepooza upande. Wiki nane nilihangaika naye kwenye vyuma vya kushikilia, mpaka akatembea wodi nzima, manesi wakampigia makofi. Akaruhusiwa, nami nikatembea kifua mbele.

Siku ya nne mzee akarudishwa, tumbo limejaa kama ngoma. Kwake choo kilikuwa cha shimo. Hakuweza kuchuchumaa, na aliona aibu kumwambia mkwewe amshike, basi akakaa siku zote hizo bila kwenda. Mwalimu Festo aliniita mbele ya wenzangu wote.

"Umemfundisha kutembea wodini," akasema. "Vizuri sana. Sasa hamia naye humu humu wodini muishi."

Wenzangu walicheka hadi machozi. Akautandaza ule mkeka, akatuamuru wote tukae chini, tuinuke, tukae, tuinuke, mpaka mapaja yakatuwaka moto. "Mgonjwa hatakwambia anakaa wapi," alisema. "Muulize. Halafu mpime pale pale anapokaa, sio pale unapopenda wewe." Niliandika kwenye daftari. Kuandika kulinishinda? Hapana, kuandika nilikuwa hodari.

Nilipohamia Mbeya nilianzisha kikundi cha wazee, Jumanne na Ijumaa, kwenye ukumbi tulioazimwa na kanisa. Tulianza kumi na wanne. Kusimama na kukaa kwenye kiti, kupanda kidaraja, kusimama mguu mmoja umeshika ukuta, na mwisho mkeka. Jamani, wazee walilia! Mmoja aliniambia kwamba polisi wa zamani walikuwa na huruma kuliko mimi. Baada ya miezi miwili walibaki sita.

Kati ya hao sita alikuwa Bibi Sekela. Alikuwa na miaka sabini na tatu, Mnyakyusa wa mifupa mikubwa, amekaa Iyunga tangu ujana akiuza mchele na ndizi. Magoti yake yalikuwa yamesagika, akiinuka unayasikia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Aliletwa na binti yake Atuganile, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mkimya wa kukutazama mpaka ujisahihishe mwenyewe. Siku ya kwanza nilimuuliza bibi kama Mwalimu Festo alivyonifundisha.

"Bibi, unataka magoti haya yakufanyie nini?"

"Nataka kukaa chini."

"Chini wapi?"

"Mkekani. Na kuinuka mwenyewe." Akatazama mlangoni kuhakikisha binti yake ametoka, akashusha sauti. "Mwanangu Lugano figo zimekwisha. Madaktari wanatuzungusha na maneno matamu, lakini mimi ndiye niliyemzaa, naona. Siku ikifika sitaki kuketi kwenye kiti kama mgeni aliyekuja na gari. Nitakaa chini na wenzangu. Na wakimtoa ndani, nitainuka kwa miguu yangu nimsindikize mpaka shimoni. Basi. Sitaki kucheza ngoma."

Nyie mliokulia mijini huenda hamlijui hili vizuri. Huku kwetu mama mfiwa hukaa chini, na wanawake humzunguka wakikaa chini pamoja naye. Viti ni vya wanaume kule nje, na vya wageni. Hakuna anayemkataza mgonjwa kiti, lakini Bibi Sekela alishaona wenzake waliokalia viti kwenye misiba ya watoto wao, na alisema walionekana kama waliokuja kuangalia tu. Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Utakaa na utainuka, bibi." Akapiga goti nusu kunishukuru, "Ndaga, mwanangu," goti likamkatalia katikati, tukacheka wote wawili.

Mkekani aliteseka. "Mungu wangu, dokta, unanivunja!" Nami roho iliniuma. Hapo ndipo nilipolikumbuka somo la mazoezi ya majini tulilopewa chuoni.

Juu kidogo ya Iyunga kulikuwa na shamba la zamani la kahawa, na ndani yake matanki ya saruji ya kuoshea kahawa, yamekaa miaka bila kazi. Mlinzi wake alikuwa mdogo wa mmoja wa wazee wangu, akatuombea ruhusa kwa mwenye shamba. Moja lilikuwa refu kama chumba, kina chake kinafika kifuani kwa mtu mzima. Tulilisugua siku nne. Fundi akatutandikia mabomba meusi juu ya bati ili maji yashinde juani, na siku za kikundi tulichemsha mapipa mawili ya nyongeza kwa kuni. Maji yalifika vuguvugu, si zaidi, na Mbeya mnaijua ilivyo. Tulianza Septemba baridi ilipolegea.

Watu wa jirani wakalibatiza jina: josho. "Dokta, leo ni zamu ya ng'ombe au ya wazee?" Na makosa hayakukosekana. Siku ya kwanza nikawaingiza wote pamoja, nikiwa na filimbi yangu shingoni, najiona mtu. Kumbe nimemweka mama wa miaka sitini majini na baba mkwe wake wa miaka themanini na kitu, watu ambao kwa mila ya Kinyakyusa hawatakiwi hata kukutana njiani! Yule mama alipogeuka akamwona mzee anaelea mita mbili mbele yake, aliruka ukuta wa tanki kwa magoti yale yale aliyoniambia hayakunjiki. Alikimbilia migombani na nguo zinachuruzika. Tangu hapo wanawake wakawa Jumanne, wanaume Ijumaa, na khanga zikapigwa marufuku kwa sababu zilielea na kuwafunika nyuso. Wanawake walivaa taiti na fulana, wakachekana kama wasichana.

Sasa mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo swali lenu lilipo. Maji ni mazuri. Ukimsimamisha mzee kwenye maji ya kifuani, miguu yake inabeba sehemu ndogo tu ya uzito wake, na goti lililosagika linapumua. Akisukuma mguu, maji yanamkatalia kila upande, kwa hiyo misuli inafanya kazi bila yeye kujua. Akiyumba, maji yanamshika, hivyo haogopi, na asiyeogopa anafanya mengi. Kikundi kilirudi kumi na wanne, kikafika ishirini. Nilipowapima kwenye kiti, wanasimama mara ngapi kwa nusu dakika, walikuwa wamepanda. Nilipowatembeza dakika sita barabarani, walikwenda mbali zaidi na kuhema kidogo. Kwa mambo mengi maji na nchi kavu vinalingana, na kwa mzee mwenye maumivu maji yanashinda, kwa sababu anarudi kesho.

Na Bibi Sekela! Mle majini alichuchumaa mpaka maji yakamfika kidevuni, akapiga magoti chini kabisa kwenye saruji, akaibuka kama kizibo. "Dokta, niangalie!" Alifanya mara kumi, mara kumi na tano. Nililia siku ile, nikajificha nyuma ya mapipa nisionekane.

Mkeka nilikuwa nao. Wiki ya kwanza niliutandaza kando ya tanki baada ya mazoezi. Upepo wa Mbeya unawajua wazee walioloa. Bibi Sekela alishuka nusu, akapiga ukelele, akanitazama kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikasema, "Basi bibi, tutafanya wiki ijayo." Wiki ijayo nikasema hivyo hivyo. Baadaye sikusema tena, mkeka ukakaa stoo na mafagio. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi niliuogopa ule ukelele kuliko nilivyoiogopa sakafu. Tena kulikuwa na wageni wanaokuja kututazama na kutupiga picha, na hakuna mgeni anayepiga picha ya bibi anayegumia mkekani. Hilo nalo niliseme, maana ni kweli.

Mwalimu Festo, aliyekuwa amestaafu zamani, alinipigia simu kila mwezi. Nilimsimulia habari za Bibi Sekela na mwanawe. Kila mara aliuliza neno moja.

"Umeshamkalisha chini?"

"Anachuchumaa vizuri sana, mwalimu."

"Sikuulizi kuchuchumaa. Umemkalisha chini, pakavu, akainuka?"

Mara ya kwanza nikasema bado kidogo. Ya pili pia. Mara ya tatu nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Sijui kwa nini. Yaani najua. Nilikuwa nimechoka kuulizwa, na moyoni niliona ni kitu kile kile, goti ni goti.

Mwezi wa Aprili Lugano alilazwa na hakutoka tena. Bibi Sekela alikuja tankini Jumanne moja, akafanya mazoezi yake yote kimya, kisha akanishika mkono kabla hajajifuta.

"Dokta, niko tayari?"

Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Mkeka ulikuwa hatua ishirini, stoo haikuwa na kufuli. Nikamwambia, "Uko tayari, bibi."

Lugano alifariki baada ya wiki mbili.

Nilikwenda msibani siku ya maziko. Bibi Sekela alikuwa ndani sebuleni, chini, katikati ya wanawake, mgongo ukutani karibu na mlango. Waliniambia alishuka mwenyewe tangu alfajiri, akakataa kiti mara tatu, ingawa mwisho wa kushuka aliporomoka kidogo. Akaniona. Aliinua kidevu tu, kama kunionyesha alipokaa, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, nilijisikia fahari, tena ndani ya nyumba ya msiba.

Saa nane jeneza likanyanyuliwa. Wanawake wakaanza kuinuka, kilio kikapanda. Atuganile na mwenzake wakamwinamia mama yao, wakamtia mikono kwapani. Akawasukuma.

"Niacheni. Dokta kasema naweza."

Akafanya kama tulivyofanya tankini, hatua kwa hatua, hakusahau hata moja. Akakunja miguu, akatanua mikono pembeni na viganja vimeelekea chini, akasukuma. Lakini viganja vilisukuma hewa. Alifika nusu. Akakaa pale nusu, sijui muda gani, uso umetulia kabisa kama mtu anayengoja jambo, kisha akaanguka ubavu juu ya kizingiti. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilisikia mfupa.

Jeneza lilikuwa limeshatoka. Walimzika Lugano nyuma ya nyumba wakati sisi tunampakia mama yake kwenye gari. Alizisikia nyimbo za maziko akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma, na alinishika nguo nisifunge mlango, apate kusikia hadi mwisho.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Upasuaji uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya presha, na mtu mzima akilala chali siku nyingi, mnajua kifua kinavyojaa makohozi. Nilikwenda kila siku kumfundisha kupumua na kukohoa. Hakunilaumu hata mara moja, na laiti angenilaumu. Atuganile naye hakunisemesha kabisa, ananipisha njia kitandani halafu anatoka nje. Siku moja bibi alinivuta karibu.

"Dokta, nikwambie kitu? Pale nilipofika nusu, nilingoja."

"Ulingoja nini, bibi?"

"Maji. Yale ya kunimalizia."

Alifariki wiki ya sita.

Nilimpigia Mwalimu Festo nikamwambia yote, pamoja na ile "ndiyo" yangu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Ndivyo walivyotufundisha. Ila hawakutuambia guu la nani." Hatukuongea tena miezi mitatu.

Haya, jibu lenu ni hili. Mzee mwenye maumivu, mnene, mwoga wa kuanguka, mwanzishe majini ukipata maji, hata kama ni ya tanki. Yatampa pumzi, yatampa nguvu ya mapaja, yatampa hamu ya kurudi. Lakini mfupa unataka kubeba uzito wake wenyewe, na kifundo cha mguu kinataka kuijua ardhi, na hayo hayapatikani mahali ambapo kuna kitu kinachokubeba. Kwa hiyo kila siku ya maji iishie mkekani. Mkaushe kwanza, mvike sweta, halafu mkalishe. Mara moja inatosha. Akilia, alie.

Na kuinuka kuna njia yake, sio kwa mabavu. Ageuke ubavu kwanza. Aegemee kiwiko, kisha viganja, awe kama mtoto anayetambaa. Alete mguu ule wenye nguvu mbele, unyayo wote chini. Mikono miwili juu ya goti hilo, au juu ya kigoda, aegemee mbele pua ipite kidole gumba cha mguu, ndipo ainuke. Asisimame moja kwa moja kutoka alipokaa, hayo ni ya watoto na ya majini. Ningemfundisha Bibi Sekela haya kwa Jumanne nne. Nilikuwa na Jumanne thelathini.

Na neno "uko tayari" lifungie kabatini. Usilitoe mpaka umemwona kwa macho yako akikaa na kuinuka, nyumbani kwake, kwenye sakafu yake, na nguo alizovaa siku hiyo. Mimi tangu pale sijalisema kwa mtu yeyote bila hayo. Wazee wangu wa tankini waliendelea miaka mingine mitano, na kila mmoja aliukalia mkeka, wakanichukia, wakanizoea.

Lakini kabla ya hapo nilikwenda kumzika Bibi Sekela. Nilitaka kukaa kule nje kwenye viti, mbali na macho ya Atuganile, nikaona haya. Nikaingia sebuleni ile ile, nikakaa chini na wanawake, karibu na kizingiti. Nilikaa saa nne. Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na tano, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimesimama kando ya tanki na filimbi, nawahesabia wenzangu mara ngapi wamechuchumaa.

Jeneza likanyanyuliwa, wanawake wakainuka, nami nikainuka. Nilifika nusu. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, goti la kulia likakataa, mikono yangu ikatafuta kitu hewani isikione. Chumba kilikuwa kinakuwa kitupu, na mimi nimekwama pale pale alipokwama yeye.

Atuganile alikuwa ameshavuka mlango nyuma ya jeneza la mama yake. Aligeuka akaniona, akarudi. Akaninyooshea mkono.

"Shika, dokta," akasema. "Huku hakuna maji."

Nikashika. Alinivuta mpaka nikasimama sawasawa, akahakikisha nimesimama, kisha akaniacha hapo akaenda kumzika mama yake.